Boti ya kutembelea: nianze kununua kifaa gani cha usalama?

Swali: Nimenunua boti ya mita 6 yenye mashine moja ya nje ya petroli, ya kutembea na familia siku za mapumziko. Tutakuwa wanne au watano, wawili wakiwa watoto, na hatutakwenda mbali. Nchi kavu tutaiona muda wote. Nimepewa orodha ndefu ya vifaa vya usalama na siwezi kuvinunua vyote kwa mkupuo mmoja. Nianze na vipi? Simu haitoshi badala ya redio? Na majaketi na fataki za ishara alizoniachia mwenye boti wa zamani, bado zinafaa?

Jibu: Hongera kwa boti, ndugu, na umefanya vyema kuuliza kabla hujaishusha majini. Orodha uliyopewa huenda haina kosa lolote, ila orodha za namna hiyo huweka filimbi, nanga na jaketi mstari mmoja kana kwamba vyote vinangoja zamu sawa. Ajali ya majini haingoji. Mimi hupanga vifaa kwa kujiuliza: hiki kitahitajika dakika ya ngapi? Kinachotakiwa katika dakika ya kwanza nunua kwanza, na kikae mwilini. Kinachotakiwa katika dakika kumi zinazofuata kikae mahali ambapo mkono unafika bila kufungua kabati. Vingine vinaweza kusubiri mshahara ujao. Kwanza, hata hivyo, ulizia mamlaka ya usafiri wa majini ya nchi yako ni vifaa gani vya lazima kwa boti ya ukubwa wako, maana hivyo havina hiari, na kima hicho ni cha chini tu.

Anza na majaketi ya kuokolea maisha, moja kwa kila anayepanda, na yavaliwe tangu mnapoondoka gatini hadi mnaporudi. Takwimu za Walinzi wa Pwani wa Marekani za mwaka 2022 zinaonyesha kuwa katika vifo vya boti za starehe ambavyo chanzo chake kilijulikana, asilimia 75 vilitokana na kuzama maji. Kati ya waliozama ambao habari za jaketi zao ziliandikwa, asilimia 85 hawakuwa wamelivaa. Wengi wana majaketi botini. Nikikagua boti ndogo huyakuta chini ya viti au yamebanwa nyuma ya nanga kule omo, yaani mbele ya boti, mengine yakiwa bado ndani ya mifuko ya nailoni yaliyouzwa nayo.

Mwenye boti hudhani atapata muda wa kulivaa hali ikichafuka. Lakini watu wengi huanguka majini siku ambayo hali haijachafuka kabisa. Boti inakata wimbi lililoachwa na boti nyingine, aliyesimama anapepesuka, anagonga ubavu wa boti na kutumbukia huku amezubaa kwa kipigo. Kama maji ni ya baridi, tuseme chini ya nyuzi 15 za Selsiasi, mwili hushtuka na kuvuta pumzi kwa nguvu bila hiari, na kichwa kikiwa chini ya maji kinachoingia mapafuni ni maji. Mtafiti Gordon Giesbrecht wa Kanada ameufupisha mwenendo wa mwili katika maji ya baridi kali kwa tarakimu tatu: dakika 1 ya kuituliza pumzi, dakika 10 ambazo mikono na miguu bado inatii, na saa 1 hivi kabla baridi haijampotezea mtu fahamu. Hata maji yakiwa ya uvuguvugu, anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele wala hapungi mkono, kwa kuwa mdomo wake unahangaikia hewa na mikono inasukuma maji. Walio botini wanaweza kuwa wanamtazama wasijue. Muogeleaji hodari naye hawezi kufunga mikanda ya jaketi akiwa ndani ya mawimbi. Jaribu siku moja kwenye maji mafupi uone.

Nguvu ya jaketi hupimwa kwa nyutoni, na nyutoni 10 ni sawa na kuinua kilo 1 hivi. La nyutoni 50 ni la anayejua kuogelea, kwenye maji tulivu, msaada ukiwa hatua chache. Halina uwezo wa kumgeuza aliyezimia. La 100 ni la maji yaliyokingwa. La 150 ni la bahari ya wazi, na limeundwa ili limgeuze aliyepoteza fahamu uso uelekee juu. La 275 ni la wanaovaa nguo nzito za kazi. Kwa familia yako ningenunua majaketi ya povu ya nyutoni 100 kwa watoto na kwa yeyote asiyejua kuogelea, kwa sababu povu halina mtungi wa gesi wa kusahaulika. Watu wazima wanaoogelea wanaweza kuvaa la kujaa gesi la nyutoni 150, ambalo ni jembamba na halichoshi joto likizidi, mradi ukubali kulitunza. Hilo lisivaliwe ndani ya koti, maana likijaa litabana kifua.

Jaketi la mtoto huchaguliwa kwa uzito wake. Usimnunulie kubwa eti atakua nalo: maji huliinua jaketi na mtoto huchomoka kwa chini. Liwe na mkanda unaopita kati ya miguu, kola inayokiinua kichwa, na mshiko nyuma ya shingo wa kumnyanyulia. Akishalivaa na mikanda ikakazwa, lishike mabegani ulivute juu. Likipanda hadi kufunika masikio au kidevu, ni kubwa au halijafungwa sawasawa. Kisha mwingize nalo kwenye maji mafupi ukiwa naye, achezechezee, azoee kuelea. Mtoto aliyeliona jaketi lake likimbeba hatalia siku ya safari.

Kifaa cha pili ni cha bei ndogo na pengine tayari unacho: ile kamba fupi ya kuzimia mashine, ambayo ncha moja huchomekwa kwenye swichi na nyingine hufungwa kwa mwendeshaji. Mwendeshaji akirushwa nje, kamba inachomoka na mashine inazima. Isipofungwa, boti isiyo na mtu usukani huelekea kujizungusha na kumrudia aliye majini, rafadha, yaani pangaboi la mashine, ikiwa inazunguka. Nchini Marekani, tangu tarehe 1 Aprili 2021, sheria inawataka waendeshaji wa boti zilizo chini ya futi 26 zenye swichi hiyo waitumie wanapokwenda kasi. Ifunge kwenye jaketi lako au kwenye paja, kamwe isining'inizwe kwenye usukani. Ijaribu kila unapowasha mashine kwa kuivuta makusudi. Nunua na kamba ya akiba, ikae mahali panapojulikana na wote: wewe ukianguka na yako, watakaobaki wataiwashaje mashine wakufuate?

Hapo naomba unisikilize vizuri. Karibu kila boti ya familia ninayoiona ina mtu mmoja tu anayejua kuiendesha, na huyo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kuumia, kwa kuwa ndiye anayehangaika, anayeinama kwenye mashine, anayekwenda omo kutupa nanga. Mfundishe mtu mzima wa pili kuwasha na kuzima mashine, kugeuza boti, kutia nanga na kuita kwa redio. Mafunzo hayo hayanunuliwi dukani, na ningeyaweka juu ya nusu ya vitu vilivyomo katika orodha yako.

Mtu akianguka, mmoja apewe kazi ya kumnyooshea kidole na kutoondoa macho, kwa sababu kichwa cha mtu hupotea haraka katikati ya mawimbi. Mrushieni boya la duara au kamba ya kurushia inayoelea, yenye urefu wa mita 15 hadi 25, iliyokaa wazi bila fundo. Mkaribie polepole na uzime mashine kabla hajafika ubavuni. Kisha kuna jambo ambalo wengi hawajalifikiria: atapandaje? Kumvuta mtu mzima aliyelowa na kuchoka ni kazi inayowashinda hata wanaume wawili. Boti yako iwe na ngazi inayoshuka chini ya maji vidato kadhaa, na iwe inaweza kufunguliwa na aliye majini mwenyewe. Kama ngazi yako hufungwa kwa pini iliyo upande wa ndani, funga kamba fupi kwenye pini hiyo ining'inie nje.

Sasa maji ndani ya boti. Tundu la upana wa sentimeta 5, likiwa sentimeta 60 chini ya usawa wa maji, huingiza zaidi ya lita 200 kwa dakika. Pampu ndogo ya umeme iliyoandikwa lita 2,000 kwa saa hutoa, siku nzuri, lita 33 tu kwa dakika. Pampu ya ngamani, yaani sakafuni mwa boti maji yanakokusanyika, basi haikuokoi na tundu. Inakumba maji ya mvua, ya mawimbi na ya mvujo mdogo. Tundu linahitaji kuzibwa. Kama boti yako ina matundu ya mipira ya maji chini, funga pembeni mwa kila tundu kipande cha mti laini kilichochongwa kama karoti, cha upana wake hasa, ili mpira ukichomoka uupige mti humo mara moja. Hakikisha kizibo cha kutolea maji kilicho tezi, yaani nyuma ya boti, kimefungwa kabla ya kushusha boti, na uwe na kingine cha akiba. Ndoo imara yenye mpini wa kweli na kamba ifuatane na pampu. Betri ikifa, ndoo haifi, nayo pia humwagia maji moto wa mbao au nguo.

Nanga watu huiona kama kitu cha kupumzikia. Kwako wewe ni breki. Mashine moja ikizima na upepo unakusukuma kwenye miamba, nanga ndiyo pekee itakayokusimamisha wakati unatafuta tatizo. Ikae omo tayari, mnyororo wa mita chache umefungwa kati yake na amari, yaani kamba ya nanga, na ncha ya mwisho ya amari imefungwa botini. Kuna waliotupa nanga na kamba yote ikaifuata. Toa amari ndefu mara 5 hadi 7 ya kina cha maji, ukijumlisha na kimo cha omo juu ya maji. Kamba fupi huivuta nanga kwa juu na kuing'oa, ndefu huilaza ikazama mchangani. Makasia mawili yasikosekane.

Moto nao una mantiki yake kwenye boti ya petroli. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hauondoki na upepo bali hushuka ngamani na kungoja cheche. Tangi la kubebeka lijazwe likiwa chini gatini, lisijazwe ndani ya boti. Baada ya kujaza fungua kila kifuniko, nusa, kisha ndipo uwashe. Boti zenye injini ya petroli ndani huwa na feni ya kutolea mvuke, nayo iachwe ifanye kazi dakika 4 kabla ya kuwasha. Wewe mwenye mashine ya nje huna feni hiyo, lakini pua unayo.

Mtungi wa kuzimia moto uwe wa poda inayofaa kwa vitu vikavu, kwa mafuta na kwa vifaa vya umeme. Mtungi wa kilo 1 humalizika kwa sekunde 10 hivi, kwa hiyo ukiweza chukua wa kilo 2, au miwili midogo, mmoja karibu na usukani na mwingine mbali na tangi. Usiuweke mahali ambapo utalazimika kuupitia moto ili kuufikia. Kila mwezi tazama mshale ubaki kwenye kijani na upindue mtungi mara kadhaa, kwa kuwa mtikisiko wa boti huigandamiza poda chini. Moto ukizuka, kata mafuta, geuza boti moshi uende upande usio na watu, na elekeza poda kwenye shina la moto. Maji usiyaguse kama kinachowaka ni petroli.

Jambo moja dogo linalohusu moshi: mashine ikinguruma huku mmesimama, watoto wasikae wala kuogelea nyuma ya boti. Monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu iliyomo katika moshi huo, haina rangi wala harufu, na hukusanyika tezini hata pakiwa wazi.

Nije kwenye simu. Ibebe, ikiwa imejaa chaji na ndani ya mfuko usiopitisha maji, lakini usiihesabu badala ya redio. Simu inampata mtu mmoja, na mtu huyo yuko nchi kavu. Redio ya VHF ya majini, chaneli 16, inasikika na kila boti iliyo karibu yenye redio wazi, na mara nyingi anayekufikia kwanza si kikosi cha uokoaji, ni mvuvi aliye maili mbili kutoka ulipo. Halafu kidole kilicholowa hakifungui kioo cha simu. Kwa matembezi ya karibu, redio ya mkononi ya wati 5 inayoelea inakutosha kuanzia. Elewa tu kwamba mawimbi yake husafiri kwa mstari ulionyooka, hivyo antena iliyo kimo cha kifua chako haifiki mbali. Redio ya kufungwa botini hufikia wati 25 na antena yake iko juu zaidi. Zenye kitufe chekundu cha dharura hutuma kwa chaneli 70 utambulisho wa boti na mahali ilipo, mradi zimeunganishwa na GPS na namba yake ya tarakimu 9 imesajiliwa. Nchi nyingi hudai leseni, kwa hiyo ulizia.

Andika maneno ya kuomba msaada kwenye karatasi iliyofunikwa plastiki, uibandike kando ya redio: MAYDAY mara tatu, jina la boti mara tatu, kisha mahali mlipo, tatizo ni nini, watu wangapi, na msaada unaotakiwa. Mtu mwenye hofu husahau hata jina la boti yake, na ukiumia wewe, ni mwenzako atakayeisoma.

Kifaa cha kutuma ishara kwa satelaiti kwa masafa ya 406 MHz, kupitia mfumo wa kimataifa wa uokoaji wa Cospas-Sarsat, kwako kinaweza kusubiri hadi mtakapoanza kwenda mahali ambapo nchi kavu haionekani. Siku utakapokinunua, kisajili siku hiyohiyo, la sivyo waokoaji hawatajua wanamtafuta nani. Usinunue cha zamani kinachotegemea masafa ya 121.5 pekee, satelaiti ziliacha kuyasikiliza tarehe 1 Februari 2009.

Filimbi ifungwe kwenye kila jaketi. Tochi isiyopitisha maji, kisu cha kukatia kamba iliyonasa kwenye rafadha, kioo cha kumulikia jua, dira, maji ya kunywa na sanduku la huduma ya kwanza ni vitu vidogo. Vitie kwenye mfuko mmoja wa rangi kali, karibu na usukani. Taa za njia, nyekundu kushoto, kijani kulia na nyeupe nyuma, zijaribu hata kama unapanga kurudi mchana, kwa sababu mashine ikikwama giza litakukuta nje. Kabla ya kuondoka mwachie mtu wa nchi kavu maelezo: mnakwenda wapi, mko wangapi, mtarudi saa ngapi, na akiona kimya hadi saa gani apige simu, ampigie nani.

Namalizia na urithi wako. Majaketi ya povu yakague moja moja: vuta mikanda kwa nguvu, angalia mishono, bonyeza povu uone kama linarudi au limekuwa gumu na lenye mikunjo. Rangi iliyopauka sana maana yake jua limekula kitambaa, na kitambaa kilichooza kitaachia mkanda. Yakipita hapo, yaingie majini na mtu ndani. La gesi lijaze kwa mdomo, uliache hadi kesho yake, likilegea, halifai. Fungua mtungi wake, upime kwa mizani na ulinganishe na uzito uliochapwa juu yake, tazama kutu, kisha ukaze hadi mwisho, maana mtungi uliolegea ndiyo kasoro ninayoikuta mara nyingi zaidi. Tarehe ya kichochezi, kile kinachofungulia gesi jaketi likiingia majini, ikiwa imepita, badilisha.

Fataki za ishara zina tarehe iliyochapwa kwenye kila moja, kwa kawaida miaka 3 hivi tangu kutengenezwa. Zilizopita tarehe usizitegemee: nyingine hukataa kuwaka, nyingine huwaka vibaya mkononi. Nunua chache mpya, za mkononi nyekundu zinazowaka dakika 1 na za moshi wa machungwa kwa mchana, uziweke kwenye chombo kikavu chenye kifuniko. Soma namna ya kuziwasha ukiwa nyumbani, kwa kuwa kila aina ina njia yake. Ya mkononi ishike mkono umenyooka, nje ya boti, upande wa demani, yaani upepo unakoelekea, bila kuitazama, na usiiwashe hadi uone chombo au usikie ndege. Ikiwa huna hata moja, kunyoosha mikono yote miwili pembeni na kuipandisha na kuishusha polepole ni ishara ya dharura inayotambuliwa na kanuni za kimataifa za kuzuia migongano baharini za mwaka 1972.

Zile za zamani usizitupe majini wala kwenye taka, na usizirushe kwa sherehe, kwani fataki nyekundu inayoonekana kutoka mbali huwatoa waokoaji kwa safari ya bure wakati pengine kuna mwenzenu anayezama kweli. Ziweke mbali na watoto, kisha uulize duka la vifaa vya boti au mamlaka ya bandari yaliyo karibu nawe wapi zinapokelewa.